Kilo Kumi na Nne

Saa tano usiku, ghorofa ya pili, Makole.
Upepo wa Septemba unapiga mabati ya jirani
na vumbi limeingia hadi kwenye kibodi,
chini ya herufi, pale kitambaa hakifiki.
Jaribio limeanguka tena. Jekundu.

Hati mbili za XML nimezilaza sambamba
kama pacha kwenye kitanda kimoja.
Ya kwanza ndiyo niliyoitarajia:
jina, kijiji, kilo.
Ya pili seva imeitapika usiku huu:
kilo, jina, kijiji.
Foibe Ndahani ni yuleyule, wa Hombolo,
kilo mia na themanini za msimu uliopita ni zilezile,
hakuna herufi iliyopotea, hakuna nukta iliyozidi,
lakini mashine inapiga kelele: si sawa,
mstari wa tatu, si sawa.

Mama yangu akikasirika alituita sote kwa pumzi moja,
we Sogodi we Yusta we Nehemia,
na kesho yake Nehemia akatangulia.
Hatukupungua, hatukuzidi.
Mlenda ulitufikia wote.

Basi nikaifundisha mashine kusahau.
Nikaiambia: zifungue zote mbili,
kila kilichomo kipange kwa alfabeti,
tawi kwa tawi, mpaka jani la mwisho,
ndipo ulinganishe.
Ukikuta wote wapo, usiulize nani alitangulia.
Mistari kumi na mmoja tu.
Kijani.
Majaribio mia tatu na arobaini, yote kijani,
kama Dodoma wiki moja baada ya mvua ya kwanza.
Nikafunga kompyuta, nikapitia chipsi mayai kwa Sadiki,
nikalala usingizi wa mtu asiye na deni.

Ijumaa, simu kutoka kituo cha kupimia.
Foibe mwenyewe, sauti kavu:
"Mwanangu, nimefika saa kumi na mbili asubuhi,
wa tatu kwenye foleni.
Kompyuta yenu imeniita wa thelathini na nane."

Zabibu haina subira ya mahindi.
Kreti zilikaa juani, nyigu wakapata habari,
maji yakaanza kuchora mstari mwekundu kwenye saruji.
Nyumbani alipima mia mbili na sita.
Saa tisa alasiri mzani ukasema
mia moja tisini na mbili,
na mzani hauna kosa, ulisema ulichokiona.

Seva ilikuwa imeivuruga foleni tangu Jumanne.
Kila usiku jaribio langu liliipokea ile orodha,
likaipanga upya kwa alfabeti,
likaitikia amina.

Wahenga walisema kutangulia si kufika.
Hawakuwahi kupima zabibu.

Nikarudi kwenye mistari yangu kumi na mmoja.
Sikuifuta, maana haikuwa ya uongo:
jina, kijiji, kilo,
hivyo vicheze vitakavyo, vipishane mlangoni,
mtu habadiliki kwa kuanza na kilo zake.
Lakini lilipo neno foleni nikaweka sharti,
mstari wa kumi na mbili, nikauandika polepole:
hapa usipange kitu.
Hapa wa tatu ni wa tatu.

Nikaliendesha.
Likaanguka, jekundu,
na kwa mara ya kwanza wiki ile nikaliamini.

Jumatatu tulitengeneza seva. Bosi akasema vizuri,
akauliza kama ripoti iko tayari.
Iko tayari. Ina sehemu ya kosa, ya chanzo, ya suluhisho,
na mpangilio wake unaweza kuubadilisha upendavyo.
Zile kilo kumi na nne nimezitafutia mahali tangu asubuhi.
Sijui nizirudishe kwa lebo gani.